Sanduku la Dawa la Nyapara

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini huo haujawahi kuniamkia vizuri. Na wewe? Shangazi anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda. Mimi namwambia picha ndiyo imekonda. Binti yake amejifungua, mtoto wa kike, analia kama honi ya lori.

Simu usipige. Ilinidondoka kwenye zege tukimwaga nguzo ya ghorofa ya pili. Msimamizi akasema hasimamishi kazi kwa ajili ya simu. Kwa hiyo imo ndani ya nguzo. Andika barua, mpe dereva wa lori la saruji. Anafika kwenu kila wiki mbili.

Sasa neno lenyewe. Nyapara anaumwa. Kobe wa marehemu mume wangu. Unakumbuka alimpa jina hilo kwa sababu anazunguka taratibu, anakagua kazi za watu, mwenyewe hashiki hata koleo.

Amejichana mguu wa mbele kwenye bati. Jicho moja limevimba. Na lile kovu la mgongoni, pale alipong'atwa na mbwa, linabanduka. Nimelipiga vanishi. Ilibaki kazini, ya milango. Mikono miwili nimempiga, tabaka juu ya tabaka. Anang'aa lakini hali chakula.

Wewe unaosha sakafu kwenye kliniki ya wanyama, madaktari unawaona. Waulize mtu akitaka sanduku la huduma ya kwanza la kobe aweke nini. Nataka kamili, kisikosekane kitu. Unajua kwa nini. Huyu asife mkononi mwangu kwa kukosa kitambaa. Mmoja ametosha.

Na niambie ile siku ya mbwa mlimtibu na nini, wewe na shemeji yako. Mimi nilikuwa kwa mama. Niliporudi nilimkuta amefungwa vizuri, kama mtu wa hospitali. Ilikuwa dawa gani?

Ni mimi dada yako.


Tarehe 27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika na saruji ndani, nilipiga chafya tatu kabla sijaisoma. Mimi sijambo. Chumba ni kile kile, na mwenye nyumba bado anakohoa upande wa pili wa ukuta. Mwambie shangazi nakula. Mpe hongera binti yake.

Nimemuuliza daktari wetu, yule mama tunayemwita Miwani. Nilipofika kwenye vanishi alicheka, halafu akaacha kucheka. Anasema gamba la kobe si mlango. Ni kitu hai. Chini yake kuna mfupa na damu, na linasikia maumivu. Ukilipaka vanishi unafungia uchafu ndani. Usimpake tena. Wala usiitoe kwa tina ya kuyeyushia rangi au petroli, utamuua. Chukua mswaki laini na maji ya uvuguvugu, sugua kidogo kidogo kila siku. Inayotoka itoke, isiyotoka iache.

Sanduku sasa. Liwe gumu, lenye kifuniko, likae pakavu. Weka shashi, ile ya kufungia vidonda, usiweke pamba maana nyuzi zake zinanasa kwenye kidonda. Bendeji. Plasta ya karatasi. Maji ya chumvi ya hospitali ya kuoshea. Bomba la sindano bila sindano, la kurushia hayo maji kwenye kidonda na kwenye jicho. Iodini, lakini uipunguze kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Kibano cha kutolea miba na funza. Glavu, na unawe mikono kabla na baada. Taulo safi. Chupa ya maji ya moto, uifunge taulo, kwa sababu kobe akipata baridi hata dawa haimfanyii kazi. Wanga kidogo wa mahindi kwenye kikopo: ukucha ukikatika na damu ikitoka, unabandika hapo na kukandamiza.

Spiriti hapana. Dawa za maumivu za watu hapana, hata robo kidonge. Na andika kwenye karatasi uzito wake na lini amekula, uiweke humo humo. Miwani anasema sanduku si daktari. Jicho lisipopungua kwa wiki moja, mpeleke kwa bwana mifugo.

Nimempa dereva shashi, glavu, mabomba mawili na iodini. Vingine nitatuma.

Mdogo wako.


Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Vitu vimefika. Dereva anauliza nani mgonjwa. Nikamwambia nyapara. Akasema basi hata mimi ningetuma sumu.

Shangazi anaumwa magoti. Mtoto bado analia. Kazini tupo ghorofa ya tatu. Napandisha zege kwa ndoo, ngazi arobaini na mbili, msimamizi mpya anahesabu ndoo, hahesabu ngazi.

Jicho limepungua. Mguu nimeuosha kama ulivyosema, hakufurahi, akaniingizia kichwa ndani kama mtu aliyesusa. Vanishi inatoka vipande vipande kama ngozi ya vitunguu. Amekula majani mawili.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Saa kumi na nusu jioni, ile saa aliyokuwa anarudi shemeji yako, nasikia viatu. Vile vyake vya kazi, vyenye chuma mbele. Vinatoka kwenye bomba la maji vinakuja mpaka mlangoni. Vinasimama. Natoka, hakuna mtu. Ningesema ni akili yangu imechoka. Lakini Nyapara naye anakuwa amekwenda mlangoni, ametoa shingo yote, anasubiri. Kila siku. Mwaka wa tatu huu. Kobe hajui kudanganya.

Yule mzee aliyekuwa mtunza stoo pale kazini napishana naye bombani. Simsalimii. Alivyozeeka ni kama kuta za choo. Nikimwona naliona lile sanduku jeupe la huduma ya kwanza kwenye ukuta wa stoo, lenye msalaba mwekundu. Lilivyofunguliwa siku ile mume wangu amekatwa paja na jiwe la grainda, ile mashine ya kukatia vyuma, damu inamwagika, ndani kukawa na pakiti ya misumari tu. Nesi aliniambia waziwazi: angefungwa pale pale kwa bendeji, angefika hospitali. Sanduku lilikuwa la mzee, ufunguo wake, aliviuza vitu. Nilimwita mwizi mbele ya watu wote na kumtemea mate miguuni. Wakamfukuza kazi. Sijutii.

Swali langu hujajibu. La mbwa.

Dada yako.


Tarehe 30 Machi

Dada, shikamoo.

Natumai mgongo umepata nafuu. Huku mvua, sakafu haikauki, naosha mara mbili kazi ile ile. Paka mmoja alinipanda kichwani jana, kliniki nzima ilicheka mpaka Miwani akavua miwani.

Nimekutumia bendeji nane. Najua nane ni nyingi. Weka tu. Plasta zimo, maji ya chumvi chupa nne, kibano na chupa ya maji ya moto. Miwani anasema kama anakula, upo njiani. Mwogeshe kwenye beseni, maji ya uvuguvugu yasizidi kidevu chake, dakika kumi na tano, halafu mkaushe vizuri.

La mbwa ni zamani, dada. Vitambaa tu. Sikumbuki.

Yule mzee mwache. Msalimie hata kwa kichwa. Mtu mzima yule.

Hayo ya viatu sijui niseme nini. Mimi nikifungua chupa ya iodini hapa kazini, nikaisikia ile harufu, lazima nigeuke nyuma. Simwoni mtu. Lakini lazima nigeuke. Wenzangu wameanza kunitania, wananiita Shingo.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Sote wazima. Nyapara mzima. Mguu umefunga, jicho limefunguka, anakula mpaka ananitia hasara ya mchicha.

Nilikuwa natafuta sanduku gumu lenye kifuniko, kama alivyosema daktari wako. Nikalikumbuka la marehemu, lile la mbao la vifaa vyake. Sijawahi kulifungua tangu tumzike. Nilitoa mwiko, timazi, patasi. Chini kabisa kulikuwa na gazeti limekunjwa. Ndani ya gazeti kulikuwa na chupa tupu ya iodini na maganda matatu ya bendeji.

Yana mhuri. Mhuri wa stoo ya pale kazini, ule wa bluu, na namba za sanduku kwa kalamu. Naujua mwandiko wa yule mzee, namba sita yake inalala.

Ganda moja nimelitia kwenye bahasha hii. Lisome mwenyewe.

Ulihama wiki moja baada ya mazishi. Ulisema umepata kazi. Sikukuuliza.

Sasa nakuuliza.


Tarehe 22 Juni

Dada, shikamoo.

Mimi nipo. Umesubiri miezi miwili, najua. Nimeandika barua hii mara tisa na nyingine nane nimezichana. Hii ikichafuka natuma hivyo hivyo.

Ulipokuwa kwa mama, mbwa wa jirani alimng'ata Nyapara. Gamba lilipasuka, mfupa ulionekana. Tulirudi kutoka kazini jioni tukamkuta ukumbini, damu mpaka kwenye mkeka. Shemeji alikaa chini kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Unajua alivyompenda yule mdudu. Akaniambia kesho tutavitoa vitu kwenye sanduku la kazini, tutarudisha mwisho wa mwezi, nani ataumia wiki tatu hizi. Alimwomba mzee wa stoo ufunguo akasema ana mgonjwa nyumbani. Mzee akampa, hakuuliza mgonjwa ana miguu mingapi.

Mimi ndiye niliyetoa. Yeye alisimama mlangoni kuangalia kama anakuja mtu. Nilitoa bendeji zote, shashi zote, iodini, plasta. Ile pakiti ya misumari niliiweka mimi, ili sanduku likitikiswa liwe na uzito. Hiyo hakuniambia yeye. Nilijiona mjanja.

Tulimtibu siku kumi na mbili. Akapona. Tukafurahi. Mwisho wa mwezi haujafika, jiwe la grainda likapasuka.

Nilikuwa naye, dada. Nilivua shati nikamfunga paja. Shati lilikuwa la nailoni, linateleza, kila nikikaza linalegea. Mtu mmoja alikimbilia sanduku. Nilimsikia analifungua. Nilijua analoliona kabla hajasema. Shemeji naye alijua. Aliniangalia, akanishika mkono huu ninaoandikia, akasema, "Usimwambie dada yako ni sisi." Akarudia. Hakusema neno lingine tena.

Nikakaa kimya. Ulipomtemea mate yule mzee nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nimekushika bega.

Nimetuma vitu vingi kwa sababu sikujua nitume nini.

Mdogo wako, kama bado.


Tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu,

Mtoto wa binti ya shangazi ameota meno mawili, anang'ata kila kitu. Shangazi magoti yale yale. Jengo tumelipaua. Mimi nipo.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka juu ya kabati. Wiki nyingi sikuigusa. Nilikwenda kazini, nikapandisha ndoo, nikarudi.

Siku niliyoisoma viatu vilikuja, saa ile ile. Sikutoka. Nilisema nikiwa nimekaa, kwa sauti, "Nimeshajua." Vikasimama. Havikuingia na havikuondoka. Nyapara alikuwa mlangoni, shingo nje. Nikaliangalia lile kovu. Nikaona damu ya mume wangu yote imeishia pale, imeziba mgongo wa kobe. Nilimnyanyua nikamtupe nje ya ukuta. Nilimnyanyua kweli. Ni mzito. Akanikojolea mikono yote. Nikamweka chini nikaenda kunawa, na nilipokuwa nanawa nililia. Sikuwa nimelia tangu mazishi.

Bendeji naweza kuzielewa. Mume wangu alikuwa hivyo, angeng'oa mlango wa nyumba ampe mnyama kivuli. Kinachoniuma ni neno lake la mwisho. Halikuwa jina langu. Lilikuwa la kunificha ukweli. Miaka mitatu nasikia viatu mlangoni, nadhani amekuja kuniambia kitu. Kumbe amekuja kuangalia kama nimeambiwa.

Juzi nilikwenda kwa mzee wa stoo. Ana baiskeli ameigeuza juu chini pembeni ya duka la mbao, anazungusha gurudumu kwa mguu, ananoa visu na misumeno ya watu. Nilisimama. Hakuinua kichwa, alidhani mteja. Nikamwambia yote, na misumari. Gurudumu likaendelea mpaka likaisha nguvu lenyewe.

Nikamwambia, "Wewe hukuiba."

Akasema, "Najua sikuiba."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, mpaka akafukuzwa kazi. Akasema ufunguo ulikuwa wake. Aliutoa bila kuandika kitabuni. Kitu kikipungua stoo kimepungua kwake, hiyo ndiyo kazi ya stoo. Halafu akasema alijua tangu siku ile nani alikuwa na ufunguo, lakini aliniona nilivyokuwa, nimekaa chini kwenye mchanga, akaona akiniambia ni mume wangu, nitabaki na nini.

Nikamwambia ningebaki na ukweli, na yeye angebaki na kazi. Alifuta kisu ambacho hakikuwa na uchafu.

Wanaume watatu mlikaa mkaamua mimi nijue nini. Mmoja anakufa, mmoja amekimbia, mmoja anatemewa mate. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Nilimwomba radhi mbele ya watu wa duka, kwa sababu nilimtukana mbele ya watu. Nilipiga magoti, na mgongo wangu unaujua. Akaniambia nisimame, nawafukuza wateja. Kisha akauliza kama yule mgonjwa bado yu hai.

Nikaja naye nyumbani. Alimtazama Nyapara muda mrefu. Nyapara akamtazama yeye. Sijui walisemezana nini. Akasema huyu amekula bendeji zangu kumi na mbili, angalau amenenepa.

Nikamwonyesha sanduku. Akavaa miwani akakaa chini, akatoa vitu kimoja kimoja, akavipanga sakafuni kama yupo stoo. Alivitaja kwa sauti. Shashi. Bendeji. Plasta. Maji ya chumvi. Alifungua hadi kikopo cha wanga akanusa. Viatu vilikuja wakati huo. Mzee aliacha kuhesabu, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akangoja. Sikumuuliza kama amesikia. Baadaye akaendelea kuhesabu.

Alipomaliza akasema sanduku halijakamilika. Nikamwambia haiwezekani, kila alichosema daktari kimo. Akasema, "Mkasi uko wapi? Shashi utaikata kwa meno?"

Ni kweli. Miezi yote hii umenitumia bendeji nane na chupa nne, mkasi hukukumbuka. Hata huyo Miwani wako.

Kwa hiyo lete mkasi. Usimpe dereva wa lori. Ulete wewe. Uje saa za mchana, upitie duka la mbao kwanza kabla hujafika kwangu, umwamkie yule mzee shikamoo, umwambie jina lako na ulichokifanya, kwa mdomo wako. Mimi sitakuwepo, nitakuwa kazini. Ukimaliza ndiyo uje hapa.

Sijasema nimekusamehe. Nimesema mkasi. Hata ukiwa butu, ulete. Atanoa yeye.

Dada yako.